Jiwe, Jina na Barabara: Kumbukumbu za Njia ya Vita ya 1916 katika Nchi ya Ufiome

Ikisiri

Mwezi Aprili 1916 jeshi la Afrika Kusini lililopigana upande wa Uingereza lilitoka Arusha, likapita katika nchi ya Wagorowa iliyokuwa ikiitwa Ufiome, na kuuteka mji wa Kondoa. Makala haya yanachunguza namna njia hiyo inavyokumbukwa kwa kulinganisha aina tatu za alama: mawe na sanamu zilizosimamishwa na dola, majina yaliyobaki vinywani mwa watu, na barabara yenyewe. Hoja kuu ni kwamba maandishi ya kumbukumbu ya vita hivyo yamejengwa kwa sarufi inayomficha mtenda, hasa mpagazi, ilhali msamiati wa Kiswahili na wa lugha jirani umehifadhi athari yake. Makala yanahitimisha kwamba alama yoyote mpya katika eneo la Babati haina budi kuanza na swali la mtenda: kazi iliyotajwa ilifanywa na nani?

Maneno makuu: kumbukumbu, njia ya kijeshi, majina ya mahali, mpagazi, Ufiome, Babati

1.0 Utangulizi

Sigino ni moja ya kata za mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002. Iko katika nchi ya Wagorowa, karibu na ziwa Babati na mlima Kwaraa. Msafiri wa leo anayetoka Arusha kwenda Dodoma hupita Babati kwa lami. Mwaka 1916 nchi hiyo hiyo ilipitiwa na maelfu ya askari, farasi, nyumbu na wapagazi waliokuwa wakielekea Kondoa. Katika muhtasari mwingi wa vita hivyo, safari hiyo huelezwa kwa majina matatu tu: Lolkisale, Ufiome, Kondoa. Nchi iliyo katikati ya majina hayo, pamoja na watu wake, huwa kama nafasi tupu kwenye ramani.

Alama ya kihistoria huwekwa ili kuijaza nafasi ya namna hiyo. Hata hivyo, alama ni matini kabla haijawa jiwe. Ina sentensi, ina nafsi, ina kitenzi kilichochaguliwa na kingine kilichoachwa. Kwa sababu hiyo uchunguzi wake hauwezi kuachiwa wanahistoria na wahifadhi wa mambo ya kale peke yao. Ni kazi ya wanaisimu na wanafasihi pia. Makala haya yanaanza na muhtasari wa safari yenyewe, kisha yanachambua jina Ufiome, mawe yaliyosimamishwa baada ya vita, majina yaliyozaliwa na uchukuzi, na hatimaye barabara.

2.0 Safari ya Arusha hadi Kondoa

Jenerali Jan Smuts alishika uongozi wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki mwezi Februari 1916. Baada ya kuitwaa nchi ya Kilimanjaro mwezi Machi, alimtuma Jenerali Jacob van Deventer kuelekea kusini akiwa na kikosi cha wapanda farasi. Van Deventer aliondoka Arusha tarehe 3 Aprili. Kituo cha kwanza cha mapigano kilikuwa Lolkisale, mlima wenye chemchemi katika nchi kame ya Wamaasai. Aliyemiliki maji alimiliki njia. Ngome hiyo ilianguka tarehe 6 Aprili, na zaidi ya watu 400 wa upande wa Wajerumani, wengi wao askari Waafrika, wakajisalimisha. Wiki moja baadaye Ufiome ikatwaliwa, na tarehe 19 Aprili Kondoa ikatekwa.

Kasi hiyo ilikuwa na gharama yake. Masika yalikuwa yamefika. Magari yalikwama kwenye tope na mito ikafurika. Mamia ya farasi walikufa kwa maradhi, yakiwemo yale yanayoletwa na mbung'o. Kikosi kilichofika Kondoa kilikuwa kimepungua na kuchoka, na mawasiliano yake na Arusha yalikuwa karibu yamekatika. Jeshi liliishi kwa chakula kilichopatikana katika nchi lilimopita, na kwa mizigo iliyobebwa vichwani mwa watu. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliona nafasi. Alihamisha askari wapatao 4,000 kuelekea Kondoa na kushambulia usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei. Shambulio lilishindwa, lakini pande zote mbili zilibaki zikitazamana hadi mwishoni mwa Juni. Baada ya hapo van Deventer aliendelea kusini na kuifikia reli ya kati. Dodoma ilitwaliwa tarehe 29 Julai.

Aya hizi mbili zimeandikwa kwa makusudi katika mtindo wa kawaida wa historia ya vita. Zikisomwa upya, utaratibu fulani hujitokeza. Smuts "alimtuma", van Deventer "aliondoka", Lettow-Vorbeck "alihamisha": hawa ni watenda, na vitenzi vyao viko katika kauli ya kutenda. Kwa upande mwingine Kondoa "ikatekwa", chakula "kilichopatikana", mizigo "iliyobebwa". Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huruhusu mtenda aachwe bila sentensi kuharibika. Kiambishi -w- kinatosha, na kijalizo cha "na" kinaweza kudondoshwa. Sentensi "mizigo ilibebwa vichwani" ni sahihi kisarufi, na yule aliyebeba hamo ndani yake isipokuwa kwa kichwa chake.

3.0 Jina Ufiome na lugha ya njia

Jina Ufiome linastahili kutazamwa kabla ya mawe, kwa sababu ndilo alama kongwe zaidi ya njia hii. Umbo lake ni la Kiswahili: kiambishi U- cha nchi kimewekwa mbele ya jina la watu, kama ilivyo katika Unyamwezi, Ugogo, Umbugwe na Usambara. Ripoti za Kiingereza za mwaka 1916 ziliandika vivyo hivyo "Umbulu" kwa nchi ya Mbulu. Kwa hiyo ramani iliyotumiwa na jeshi la Waafrika Kusini dhidi ya Wajerumani ilikuwa imeandikwa kwa mofolojia ya lugha ambayo haikuwa ya upande wowote kati ya hizo mbili.

Sababu yake ni ya kihistoria. Karne ya kumi na tisa Kondoa, katika nchi ya Warangi, ilikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, wengi wao kwa njia ya Pangani. Oscar Baumann, aliyepita nchi hizi mwaka 1892, alitembea na msafara wa aina hiyo, na majina aliyoyapeleka Ulaya yalitoka katika vinywa vya wapagazi na viongozi wa njia. Wajerumani walirithi majina hayo, na Waingereza wakayarithi kutoka kwa ramani za Wajerumani.

Kigorowa chenyewe ni lugha ya Kikushi, jirani wa karibu wa Kiiraqw. Hakina ngeli za Kibantu wala kiambishi cha nchi cha namna ya U-. Nomino zake hupangwa kwa jinsia, na alama nyingi za kisarufi hukaa mwishoni mwa neno. Kwa mzungumzaji wa Kigorowa, basi, "Ufiome" ni jina lenye kichwa cha ugenini: linaitazama nchi yake kutoka njiani, kwa jicho la anayepita. Hilo halilifanyi kuwa jina la uongo. Linalifanya kuwa ushahidi kwamba njia ya kijeshi ya 1916 haikukatwa katika pori lisilojulikana, kama simulizi za kijeshi zinavyopenda kudokeza. Ilifuata maarifa yaliyokuwa tayari yamepangwa na wapagazi wa zamani kwa lugha yao ya kazi.

Leo wenyeji hutajwa zaidi kama Wagorowa kuliko Wafiomi, na mji mkubwa wa nchi hiyo ni Babati. Ufiome limebaki jina la mlima, ambao pia huitwa Kwaraa, na la msitu wa hifadhi ulioko juu yake. Jina la kituo cha kijeshi limepanda mlimani na kuwa jina la miti na vyanzo vya maji. Mkazi wa Sigino anayeutazama mlima huo anaangalia alama ya vita bila kuhitaji bamba la shaba, ingawa hakuna kitu katika jina lenyewe kinachomwambia hivyo.

4.0 Mawe yaliyosimamishwa baada ya vita

Mawe na sanamu zinazojulikana zaidi za vita hivi ziko mbali na Babati. Zambia ina mnara karibu na mto Chambeshi, mahali ambapo Lettow-Vorbeck alipata habari za kusimamishwa kwa vita mwezi Novemba 1918. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zina sanamu za shaba zilizosimamishwa katika miaka ya 1920. Ile ya Dar es Salaam, inayojulikana kama Sanamu ya Askari, ilizinduliwa mwaka 1927. Ilisimamishwa mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana na kamanda wa Kijerumani, ambaye chini ya miguu yake alichongwa askari Mwafrika. Sanamu ya Wissmann ilipelekwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Kwa hiyo askari alipanda kutoka chini ya kamanda hadi kwenye kilele cha jiwe. Hilo lilikuwa badiliko kubwa la taswira, na wapita njia wa Dar es Salaam wameishi nalo kwa karibu karne nzima.

Maandishi ya sanamu hiyo yana umuhimu wa pekee kwa historia ya Kiswahili. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa hati mbili, ya Kilatini na ya Kiarabu. Mwaka wa uzinduzi unaangukia katikati ya mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa 1925 na ule wa Mombasa wa 1928, mikutano iliyoandaa njia ya usanifishaji wa Kiswahili kwa hati ya Kilatini. Kuwekwa kwa hati mbili kwenye jiwe moja kunaonyesha kwamba dola ilijua wasomaji wake ni wa namna mbili. Miaka michache baadaye, Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, uamuzi ulikuwa umeshafanywa, na hati ya Kiarabu ikazidi kuondoka katika maandishi ya umma. Jiwe lilibaki likihifadhi hali ya mpito ambayo vitabu vya shule viliisahau.

Maneno ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling. Kiini chake ni ahadi: anayepigania nchi yake, hata akifa, jina lake litakumbukwa na wanawe. Ahadi hiyo imewekwa kwenye jiwe ambalo halina jina la askari hata mmoja. Haikuwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola, iliyoundwa mwaka 1917, ilikuwa na kanuni ya kumpa kila marehemu jina lake juu ya kaburi au ukutani. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo ilifuatwa kwa Wazungu. Kwa Waafrika iliamuliwa kwamba sanamu za jumla zingetosha. Makaburi mengi ya wapagazi na askari yaliachwa yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 mrithi wa tume hiyo, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliotumikia dola katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Neno lililochaguliwa kuiita sanamu ya Dar es Salaam pia lina historia. Askari ni neno lililotoka Kiarabu, likakaa Kiswahili, kisha likachukuliwa na Kijerumani na Kiingereza bila kutafsiriwa. Kila upande wa vita ulimwita mpiganaji wake Mwafrika kwa jina hilo moja. Mpagazi hakupata bahati hiyo. Nairobi alipewa nafasi katika kundi la sanamu tatu. Dar es Salaam askari anasimama peke yake. Jina mpagazi, lenye mzizi wa kupagaa, yaani kubeba mabegani, halikuvuka kwenda katika lugha za makamanda kwa heshima iliyopewa neno askari.

5.0 Majina yaliyozaliwa na uchukuzi

Hata hivyo mpagazi aliacha alama zake, na alama hizo ni za kiisimu. Iliyo maarufu zaidi ni Kariakoo. Dar es Salaam ilipoangukia mikononi mwa Waingereza mwezi Septemba 1916, kikosi chao cha wachukuzi kiliweka kambi katika uwanja ambao leo ni soko kuu la jiji. Jina la Kiingereza la kikosi, Carrier Corps, likawa Kariakoo. Uchambuzi wa sauti zake unaonyesha kwamba lilikopwa kwa sikio. Herufi za mwisho za neno la pili, ambazo huandikwa lakini hazitamkwi, hazikuacha dalili yoyote. Irabu ndefu iliyosikika iligeuka kuwa irabu mbili, na mkazo ukaangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kanuni ya Kiswahili inavyotaka. Nairobi, umbo Kariokor limehifadhi r ya mwisho, jambo linaloashiria nguvu ya maandishi. Umbo la Dar es Salaam ni la watu waliosikia jina likiitwa uwanjani.

Mabadiliko ya kisarufi yana uzito kuliko ya kifonolojia. Jina la kundi la watu limekuwa jina la mahali. Hukubaliana na vitenzi kwa ngeli za mahali: Kariakoo kumejaa, Kariakoo pana biashara. Watu walioitwa kwa jina hilo wametoka katika upatanisho wake wa kisarufi. Kumebaki ku- na pa-. Wapagazi waliokufa upande wa Uingereza hukadiriwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Mnunuzi wa leo hutamka jina la kikosi chao kila siku. Kumbukumbu hiyo ni pana kuliko ya mnara wowote, lakini ni kumbukumbu iliyosahau kwamba ni kumbukumbu.

Kusini mwa nchi ya Wagorowa, kwenye mwendelezo wa njia ile ile, lugha nyingine ilifanya kazi tofauti. Wagogo waliiita Mtunya njaa iliyofuata vita. Mwanahistoria Gregory Maddox, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990, ameonyesha kwamba njaa hiyo haikutokana na ukame pekee. Majeshi ya Kijerumani na kisha ya Kiingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Katika kalenda za masimulizi jina la njaa hutumika kama mwaka: mtu alizaliwa kabla ya Mtunya au baada yake. Hapa vita havikumbukwi kwa siku ya ushindi wa Kondoa au Dodoma. Vinakumbukwa kwa kile vilichoacha katika ghala.

Tofauti kati ya Kariakoo na Mtunya ni ya kimantiki. La kwanza ni jina alilolitoa mwenye amri, likachukuliwa na waliopewa amri na kugeuzwa. La pili ni jina walilolitoa walioumia, kwa lugha yao, bila kuazima chochote. Kusini zaidi, katika nchi za Malawi na Zambia za leo, wapagazi waliitwa tengatenga, kutokana na kitenzi cha kubeba cha Kinyanja kilichorudiwa. Urudufishaji huo unaeleza tendo lisilokwisha: beba, kisha beba tena. Ni vigumu kupata katika maandishi ya mawe neno linalosema mengi kiasi hicho kuhusu kazi yenyewe.

6.0 Barabara kama matini

Alama ya tatu ni njia yenyewe. Chini ya utawala wa Waingereza njia ya Arusha, Babati, Kondoa na Dodoma iliingizwa katika mpango wa Barabara Kuu ya Kaskazini, sehemu ya ndoto ya kikoloni ya kuunganisha Cape Town na Cairo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, miaka ya 1940 na 1941, misafara ya magari ya kijeshi kutoka Afrika Kusini ilipita tena nchi hii ikielekea Kenya, safari hii bila upinzani. Arusha, Mnara wa Saa hutajwa mara kwa mara kuwa ni nusu ya safari kati ya Cape Town na Cairo, na wageni hupigwa picha mbele yake. Huo ni mfano wa alama ya njia inayosimulia umbali peke yake: kati ya ncha mbili hakuna aliyetembea.

Mwaka 2018 Tanzania ilizindua barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251. Uzinduzi huo ulibadilisha maana ya njia. Barabara iliyowahi kutumika kuingiza jeshi sasa huingiza mahindi, mbaazi na abiria, na nguzo zake za kilomita huhesabu kutoka mji hadi mji wa nchi huru. Hata hivyo nguzo za kilomita, kama Mnara wa Saa, ni maandishi yasiyo na kitenzi. Zinasema hapa ni wapi; hazisemi hapa palitokea nini.

Kwenye ncha ya kusini ya njia hiyo kuu kuna jaribio la aina nyingine. Mwezi Januari 2025 ilizinduliwa Cape Town kumbukumbu ya Waafrika Kusini Weusi 1,772 waliokufa katika huduma za kijeshi barani Afrika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, bila makaburi yanayojulikana. Kila mmoja amepewa nguzo yake ya mti, na juu ya nguzo jina lake na tarehe ya kufa. Kumbukumbu hiyo haina shujaa wa shaba. Muundo wake ni orodha, na orodha ni utanzu ambao kila mstari wake una mtu mmoja. Ahadi iliyoandikwa Dar es Salaam mwaka 1927 imetimizwa Cape Town kwa wachache, baada ya zaidi ya miaka mia moja.

7.0 Hitimisho

Njia ya 1916 ina alama tayari: mlima wenye jina la msafara, soko lenye jina la kikosi, njaa yenye jina lake, na lami. Ikiwa jiwe litawekwa siku moja katika eneo la Babati, huko Sigino au penginepo, halitaanza kuandika juu ya ukurasa mweupe. Litaingia katika mazungumzo yanayoendelea baina ya Kiswahili, Kigorowa na lugha jirani, na thamani yake itategemea sentensi zitakazochaguliwa.

Uchambuzi huu unaelekeza kwenye mambo matatu. Kwanza, maandishi ya namna hiyo yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kigorowa, na jina Ufiome lielezwe kama jina la njia kwa nchi yenye wenyewe. Pili, tarehe za makamanda zisimame pamoja na tarehe za wenyeji, zikiwemo zile zinazohesabiwa kwa njaa. Tatu, kauli ya kutendwa isiachwe bila kijalizo chake. Palipoandikwa kwamba mji ulitekwa, mizigo ilibebwa na chakula kilichukuliwa, neno "na" liongezwe, na baada yake jina. Palipo na orodha za wachukuzi zilizosalia, majina yatoke humo; pasipo na orodha, kundi litajwe kwa kazi yake: wapagazi. Mahali pa neno hilo ni mwanzoni mwa sentensi, kabla ya kitenzi, pale Kiswahili kinapomweka mtenda.